Jina la Mama Kwenye Fomu

11 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa mama mpaka kwa paka wa jirani ambaye sasa ameamua kuwa wetu. Sisi wazima. Mama mgongo unamsumbua asubuhi, lakini akishakaa kwenye cherehani anausahau, na wiki hii ameshona sare za shule nzima peke yake na bado analalamika kuwa hana kazi. Anakusalimu sana, na anauliza mbona simu yako haipatikani tangu mwezi wa kumi. Nimemwambia watu wa huko hubadilisha namba kama soksi. Hakuridhika na jibu hilo.

Yule mwalimu wa chekechea wa nyumba ya kona, ambaye ulikuwa ukimtania kwa sauti yake kubwa, alipata ajali akapoteza jicho la kushoto. Alikuja kwetu karakanani. Kazi yetu hasa ni miwani. Macho ya bandia tunayapokea kwenye boksi yakiwa yameshatengenezwa, unachagua linalokaribia. Siku hiyo lililokuwa saizi yake lilikuwa moja tu, la bluu. Nikamwekea la bluu. Watoto walilia darasani siku tatu, na sasa anafundisha amefunga kitambaa. Tundu tupu na usaha havinitii kinyaa, mjomba, nimeshazoea kuviosha. Kinyaa nilikiona kwangu mwenyewe, pale nilipomshikia kioo nikamwambia, "Limekukaa."

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimepata nafasi ya kusoma huko uliko. Ni kozi ya miezi sita, ya kutengeneza jicho la bandia kwa kumpima mtu mwenyewe, kulichonga na kulipaka rangi mpaka lifanane na mwenzake. Wanachukua wanafunzi wanane. Ada wamenisamehe. Inaanza tarehe mbili Septemba, na kilichobaki ni visa ya masomo ya muda mfupi tu, ambayo usaili wake ni tarehe 22 Aprili.

Wanataka mwenyeji. Uandike kwamba nitakaa kwako, na mwajiri wako naye aandike kwamba wewe ni mfanyakazi wake na mimi ni nani kwako. Iwe barua yenyewe, yenye mhuri na saini ya wino. Picha ya simu hawaipokei. Najua hapa nyumbani wanakuita Daktari kwa sababu unafanya kazi hospitali. Mimi sijali barua itasema unafanya kazi gani humo. Iseme kweli tu, basi.

Mpwa wako

16 Februari

Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa pekee,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa. Barua yako ilinikuta na mafua. Huku baridi haina adabu, inapita chini ya mlango kama mgeni asiyebisha. Nimenunua koti la pili na navaa yote mawili. Mwenye nyumba amepaka vyuma vya ngazi rangi ya kijivu na sasa wapangaji wote tuna viganja vya kijivu. Mimi ni mzima hivyo hivyo.

Mama yako anakula vizuri? Analala? Usimwache anyanyue ndoo za maji. Huo mgongo apelekwe apigwe picha, asinywe vidonge vya kuokota dukani. Mwambie simu yangu iliharibika. Mwambie namkumbuka. Na anywe maji mengi.

Nimefurahi kwa nafasi uliyopata, usidhani sikufurahi. Ila mimi ni mjomba, na mjomba kazi yake ni kuona shimo kabla mpwa hajatumbukia. Miezi sita huku si lelemama. Na hayo macho, ukishajifunza, nani huko atakuwa na vifaa? Nasikia kuna mafunzo kwa mtandao, mtu anakaa kwao na kunywa chai yake. Haraka haraka haina baraka. Na ukiona lazima uje, chuo hakina mabweni? Kijana hujifunza zaidi akikaa na wenzake kuliko akikaa na mzee anayekoroma.

Kuhusu barua: yangu mimi nitaandika, hiyo si neno. Hiyo ya mwajiri ndiyo naiuliza. Ni lazima itaje uhusiano wetu? Haitoshi waseme tu kwamba mimi ni mfanyakazi mwenye tabia njema? Msimamizi wetu ni mtu wa maswali mengi. Niulizie vizuri hapo ofisi ya visa, kisha uniandikie.

Mjomba wako

9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa, na mama anamshonea mteja gauni huku akimwambia asikanyage watoto. Mgongo haujambo. Anasema mwambie Daktari maji nakunywa, ila maji hayashoni.

Nimeulizia. Ni lazima itaje uhusiano. Mabweni hayatoshi, watu wanapanga foleni, na wenye ndugu hawahesabiwi. Sielewi kinachokushinda. Kama ni lile jina la Daktari, nimeshakwambia sijali.

Acha nikueleze ninavyoshinda, labda utanihurumia. Picha ya pasipoti nimepigwa mara nne. Ya kwanza masikio hayakuonekana, ya pili yameonekana mno, ya tatu nilikuwa na furaha. Nimetoa alama za vidole kwa mtu aliyenishika mkono kwa ncha za vidole vyake, kama anayeokota kitu kilichodondoka chooni, na baada ya kila kidole alipangusa kioo. Vidole vyangu mimi, ninayenawa mara thelathini kwa siku kwa sababu ya kazi. Kwenye fomu wameuliza kama nimewahi kushiriki mauaji ya halaiki, halafu mstari unaofuata wakauliza kama nina mzio wa karanga.

Na kuna wakala. Kila mtu hapa anapitia kwa wakala, na wa kwangu ana ofisi juu ya duka la viatu, inayonuka gundi. Alitazama karatasi zangu akasema, "Dada, wewe huna kamba." Kamba ni kitu kitakachonirudisha nyumbani: mume, watoto, shamba. Mama aliye hai na karakana inayoningoja si kamba ya kutosha. Akasema nitafute mchumba. Nikamwambia sina. Akasema, "Sijakwambia uwe naye. Nimekwambia umtafute."

Basi nimevaa gauni la mama, nimesimama kando ya fundi mwenzangu anayesaga lenzi, mtu mwenye mke, na mke ana mimba ya pili, tumepigwa picha tumeshikana mikono kwenye bustani ya benki. Mkewe ndiye aliyeshika simu. Alituambia tusogeane. Tumeandika harusi ni mwezi wa nne mwaka ujao. Niliporudi nyumbani nilioga, na bado nikawa najisikia kama shati lililovaliwa na mtu mwingine.

Nimeyafanya hayo yote ili nisikwame. Usiniangushe kwa barua mbili. Usaili ni tarehe 22 mwezi ujao.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sina nafasi ya kuandika mengi, nataka iwahi posta.

Ndani ya hii kuna bahasha nyeupe iliyofungwa. Zimo zote mbili, ya kwangu na ya kazini. Usiifungue. Maofisa wa huku hawapendi karatasi zilizoshikwashikwa. Ukifika dirishani mpe ofisa kama ilivyo.

Msimamizi aliandika kwa moyo mmoja. Sikuweza kumzuia mkono. Mungu akusaidie.

Msalimie mama yako. Mwambie nitapiga simu.

Mjomba wako

5 Mei

Mjomba,

Shikamoo naiandika kwa sababu nimefundishwa.

Bahasha yako sikuifungua. Nililelewa kwamba mkubwa akisema usifungue, hufungui, na siku tatu ilikaa kwenye mkoba wangu nisiichungulie hata kwa mwanga wa dirisha. Wakala mwenyewe aliitamani, nikamkatalia. Hiyo ndiyo adabu niliyopewa kwetu, na imenifikisha hapa.

Mama alinisindikiza. Walimzuia getini, kuna benchi pale la wasindikizaji, akakaa akashona vifungo vya blauzi ya mteja. Mimi nikaingia. Ofisa alikuwa mama mtu mzima, miwani yake ilikuwa imepinda mkono mmoja na nilitamani kumnyooshea. Akauliza kozi, nikajibu. Akauliza karakana, nikajibu. Akauliza mchumba, nikajibu vilevile, na uso wangu haukubadilika. Nilijishangaa. Halafu akafungua bahasha, akasoma, akanitazama kwa huruma.

Akasema, "Pole kwa msiba wa mama yako."

Nikasema ahsante. Unasikia, mjomba? Ndivyo mtu anavyojibu, mdomo hutangulia. Kisha nikamwambia mama yangu yuko nje kwenye benchi.

Akanigeuzia karatasi nisome. Kwamba wewe ni mfanyakazi wa idara ya kufulia ya hospitali kwa miaka kumi na moja. Hilo nimelipokea, kazi ni kazi. Kwamba binti anayekuja ni yatima wa marehemu dada yako, aliyefariki miaka minne iliyopita. Kwamba wafanyakazi wote wa idara walihuzunika pamoja nawe, picha ya marehemu ingali imetundikwa kwenye chumba chao cha chai, na watafurahi kumpokea mtoto aliyeachwa. Jina la mama limeandikwa vizuri kabisa, halina kosa hata herufi moja. Chini ya saini ya msimamizi ipo na yako.

Ofisa akaweka fomu yangu kando ya barua yenu. Kwangu: mama, yu hai, miaka hamsini na sita, fundi cherehani. Kwenu: marehemu. Akauliza yupi kati yetu anasema kweli. Nikamwambia atume mtu getini. Akasema kazi yake ni karatasi, si kwenda getini. Majibu yalikuja baada ya wiki: nimekataliwa, maelezo yangu hayaaminiki. Kwa kozi ya Septemba naweza kuomba tena mara moja, mwisho tarehe 31 Julai. Ikipita hiyo, chuo kitampa mwingine nafasi yangu.

Nilitoka. Mama akanyanyua macho akauliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia fomu ina kasoro ndogo. Akafunga vifungo vyake kwenye leso, tukarudi nyumbani.

Sijamwambia. Nataka kwako jibu moja: mama yangu alikufa lini, na nani alimzika?

Mpwa wako

17 Juni

Mpwa wangu,

Nimeanza barua hii mara sita. Nyingine nilianza na habari za hali ya hewa, nikaona nitatukanwa, na ningestahili.

Nitasema mara moja, usinikatize.

Mwaka wangu wa pili hapa nilipata mwanamke. Alikuwa na siku tano za mapumziko na alitaka twende kwenye maziwa, kuna nyumba ndogo za kupanga pale. Mimi siku zangu zilikuwa zimekwisha. Kazini kwetu ruhusa ya ghafla ni moja tu, ya msiba, nayo ni ya mzazi, ndugu wa tumbo moja, mume, mke au mtoto. Baba yetu walikuwa wanajua alikufa zamani. Nikawaambia mama amefariki. Bibi yako, aliyekuwa mzima wa afya, anagombana na watu wa maji juu ya bomba. Nikapewa siku, nikaenda maziwani, mvua ikanyesha zote tano. Yule mwanamke hatukumaliza naye mwezi.

Niliporudi walikuwa wameweka shada la maua juu ya mashine yangu.

Halafu, miaka minne iliyopita, simu yako ikaja kwamba bibi amefariki kweli. Nilikuwa nimeshika mashuka. Nikaenda kwa msimamizi, nikafungua mdomo, nikakumbuka. Mama yangu ameshakufa kwenye faili lao. Mtu hafi mara mbili. Nilikuwa na dakika moja, mpwa wangu, na mama yangu alikuwa hajazikwa. Nikasema dada.

Ndivyo nilivyokuja kumzika mama, kwa ruhusa ya kifo cha mama yako. Ulinipokea wewe stendi. Mama yako alinikumbatia na mimi mwili ukanisisimka, mkadhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo pia. Niliporudi wakaniomba picha ya marehemu. Nilikuwa nayo ile uliyonipa wewe siku naondoka, amevaa gauni la kijani. Wakaitia kwenye fremu. Iko juu ya birika. Miaka minne nakula mkate wangu yeye ananitazama. Simu sipigi kwa sababu nikisikia sauti yake najiona nazungumza na mtu niliyemfukia.

Msimamizi alipoandika ile barua alitokwa na machozi. Ningemwambia nini?

Sasa sikiliza. Mimi nina miaka hamsini na tisa. Wakijua, nitafukuzwa, na makazi yangu hapa yamefungwa kwenye kazi hii. Wewe unataka visa. Kwenye fomu mpya andika marehemu. Sema mara ya kwanza ulikosea kwa majonzi. Karatasi zitalingana, nao hawataki zaidi ya hapo. Heri nusu shari. Funika kombe mwanaharamu apite. Na usinitazame kutoka juu ya paa, wewe mwenyewe una mchumba mwenye mke na mtoto njiani. Wewe umeolewa kwa karatasi, mimi nimezika kwa karatasi. Mama yako haitampunguzia hata siku moja.

Mjomba wako

6 Julai

Mjomba,

Leo sikuamkii. Mama mzima.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama karakanani, kwenye sinki. Nimefanya kazi na vidonda tangu nina miaka ishirini na hakuna harufu iliyowahi kunitoa mbio. Hii ilinitoa. Nimekuona tena siku ya mazishi ya bibi, umekaa kwenye kiti cha mbele, mama anakupangia chakula, anakupepea nzi, anakuchagulia nyama laini kwa sababu ya jino lako. Ulikula. Ulimshukuru. Aliyekuwa anakulisha alikuwa amekwisha kufa kazini kwako siku tatu nzima, na wewe ukaomba chumvi.

Na picha niliichagua mimi. Nilitafuta aliyotoka vizuri.

Umesema kweli juu ya mchumba, sina pa kujificha. Ndiyo maana nilichukua fomu mpya na nikajaribu, nikujulishe kila kitu. Kipengele cha kumi na moja: jina la mama, yu hai au amefariki. Nikatia alama kwenye amefariki. Ilikuwa rahisi, kuna kisanduku kidogo tu. Niliona hata kozi ikinijia, meza yangu, rangi zangu. Nikamuona mwalimu wa chekechea bila kitambaa. Nikajiambia mjomba hakosei, haitampunguzia siku.

Mama akaita kutoka chumba cha pili nikamtungie uzi, siku hizi haoni tundu la sindano. Nikaenda nikamtungia. Akanishika kidevu akasema nimekonda, hao watu wa visa wananila nyama. Nikarudi nikaichana fomu vipande vidogo.

La kuvunda halina ubani, mjomba. Nimekwenda kwa wakala nikamwambia aondoe mchumba. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia nikirudi na akili niilete. Sasa fomu yangu ina mambo ya kweli matupu na kwa hiyo haina nguvu yoyote, ila ni ya kwangu. Nakuomba barua moja, ya mwajiri, inayosema mimi ni mtoto wa dada yako aliye hai. Ukiituma ikafika kabla ya tarehe 31, nitaomba. Usipoituma, sitaomba. Kuandika amefariki kwa mkono wangu sitaandika, na wewe hutaniomba tena.

Mpwa wako, kwa bahati mbaya

29 Julai

Mpwa wangu,

Najua tarehe. Najua haitafika. Ningeweza kwenda kwa msimamizi siku ileile niliyopokea barua yako, lakini nilikaa siku tisa. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake mara tatu, nikauliza habari za sabuni.

Jana nilimwambia. Nilichagua saa ya chai ili niseme mara moja mbele ya wote, maana nisingeweza kurudia. Kuna mama wa kupiga pasi ambaye ndiye aliyenunua fremu na kupitisha kadi ya pole ikasainiwa na watu arobaini. Nilipomaliza, yeye akapanda kiti, akashusha picha, akafuta kioo kwa mkono wa gauni.

Akaniuliza, "Huyu mama yuko hai?"

Nikasema yuko hai.

"Anajua?"

Nikasema hajui. Akanipa picha. Halafu akaenda kwenye sinki akanawa mikono kwa sabuni, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Mpwa wangu, mimi nimeshika mashuka ya wagonjwa wa kila aina, nimetoa kwenye mifuko ya nguo vitu ambavyo siwezi kukuandikia. Sijawahi kuona mtu ananawa kwa sababu yangu.

Sijafukuzwa, bado. Nimepewa onyo la maandishi na nimehamishiwa kwenye kuchambua nguo chafu, chumba cha chini, peke yangu. Chai ya leo nimeinywea hukohuko. Ndugu wa msimamizi alikuwa amekufa kweli mwaka jana na mimi ndiye niliyemshauri namna ya kuvumilia. Alinikumbusha hilo. Barua ameiandika, hii hapa, na safari hii haikufungwa. Ameandika kila kitu, zaidi ya ulivyoomba.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba tu usimwambie mama yako. Nitamwambia mwenyewe, nikipata njia.

Mjomba wako

24 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika tarehe 21. Ofisi ya visa ilifunga dirisha langu wiki tatu kabla. Nafasi ya Septemba amepewa mtu mwingine, simjui, namtakia heri kwa shida. Mkuu wa kozi ameandika kwamba wataniweka kwenye orodha ya Machi nikipata visa, na kila kitu naanza upya: picha, vidole, mauaji ya halaiki, karanga. Kwenye mwenyeji nitaandika hakuna. Wasio na ndugu wanahesabiwa kwenye foleni ya mabweni, kwa hiyo hatimaye umenisaidia.

Mwalimu wa chekechea nilimpelekea habari mwenyewe. Alisema Machi si mbali. Alisema hivyo akiwa amenipa upande wenye kitambaa.

Umeniomba nisimwambie mama. Mjomba, bahasha ilifika mchana, mimi nikiwa karakanani, na aliyeipokea ni yeye. Ya nje ilikuwa imechanika njiani, na ya ndani haikuwa imefungwa, kama ulivyosema mwenyewe. Barua yako hakuisoma, alisema ina jina langu. Lakini picha yake ilidondoka. Uliirudisha picha na hukuniambia umeirudisha, na nyuma yake kuna mwandiko wa mtu mwingine, jina lake na tarehe mbili. Tarehe ya pili ni ya wiki tuliyomzika bibi. Lugha ya huko hajui, ila tarehe mbili chini ya jina kila mtu anajua ni za nini.

Nilimkuta ameketi kwenye cherehani, haiendi. Akanipa barua ya msimamizi akasema, "Nisomee, usiruke." Nikamsomea. Nilitafsiri kila mstari, wa maziwani, wa bibi, wa chumba cha chai. Sauti yangu ilikuwa inanitia kinyaa mwenyewe lakini sikuruka. Nilitaka angalau mtu mmoja katika ukoo huu amfanyie jambo lisilo na kiraka.

Hakulia. Hakukutukana, nami nilikuwa namsubiri akutukane ili nimsaidie. Alitazama picha akasema lile gauni la kijani alilipenda na hajui liliishia wapi. Akaniuliza ulikaa siku ngapi kwenye hayo maziwa. Nikamwambia tano. Akauliza kama bibi aliwahi kujua. Nikamwambia hakujua. Akasema, "Afadhali."

Mimi bado nakuonea kinyaa, na sioni kama kitakwisha kwa barua. Ningekuwa nimeacha kukuandikia leo. Ila jioni, tukiwa tunakunja vitambaa, mama alisimama na upande wake mkononi akauliza jambo ambalo sikuweza kulijibu, na amenituma nikuulize wewe.

Anasema watu wakipewa habari za msiba huuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Anasema lazima hao wenzako walikuuliza. Anataka kujua ulisema nini.

Mpwa wako